Ndoo Tatu za Karanga

Miezi saba Musoki aliandika, na miezi saba hakuna aliyemsoma. Kusema hakuna ni kutia chumvi kidogo, maana makala yake kuhusu bei ya mbegu za viazi ilifunguliwa na watu arobaini na mmoja, na ile ya walimu waliomaliza muhula bila mshahara ilifika mia moja na sita. Lakini katika hao mia na sita, mara tisa ni yeye mwenyewe aliyekuwa akifungua kuhakikisha haijapotea, na mara moja ni mumewe Kamate, aliyesoma mistari minne kisha akaitwa dukani kupima misumari.

Zamani Musoki alikuwa mtangazaji. Ilikuwa redio ndogo ya mtaa, chumba kimoja chenye magodoro yaliyopigiliwa ukutani kuzuia mwangwi, na kila asubuhi saa kumi na mbili alisoma habari kwa sauti ambayo watu wa Shari, mtaa wao hapo Bunia, waliijua kuliko walivyoijua sura yake. Mtambo ukaungua. Wafadhili walisema watatazama la kufanya, na hadi leo wanatazama. Akabaki nyumbani na diploma yake, simu yake, na sauti isiyokuwa na pa kwenda.

Aliyemwonyesha njia nyingine ni Michel, mwenzake wa redioni. Michel alikuwa ameanza kuandikia Upepo wa Leo, ukurasa wa mtandaoni ulioendeshwa kutoka Goma na kijana aitwaye Aimé. Masharti yake yalikuwa mepesi: unaandika, Aimé anaweka, na kwa kila wasomaji elfu moja unapata dola moja. Michel aliandika juu ya wachungaji waliotoroka na wake za watu, na nyoka waliokutwa chini ya vitanda vya matajiri, na kila mwezi alipata ya kulipia nyumba. Musoki hakuwahi kupata hata ya kurudisha megabaiti alizotumia kutuma makala zenyewe.

"Hii kazi inakula kuliko inaleta," Kamate alimwambia siku moja, bila ubaya, akihesabu mabati kwa kidole. "Kama ungekuwa unanisaidia kuandika faktire za mauzo hapa, tungejua tunasimama wapi."

"Nilisomaka juu ya kuandika faktire?"

Kamate akarudia kuhesabu mabati. Hakuwa mtu wa kugombana mbele ya wateja.

Aimé naye alikuwa na lake. Alipenda kutuma ujumbe wa sauti, na nyuma ya maneno yake kulisikika pikipiki na muziki, kana kwamba ofisi yake ilikuwa katikati ya barabara. "Mama Gracia," alisema, maana binti wa Musoki aliitwa Gracia, "weye unajua kuandika kuliko bote. Mi nasema kweli. Lakini unaandika kama ripoti ya parokia. Mutu iko na simu mu mukono, iko anangoja umeme, iko anangoja dokta. Anataka kitu chenye kitamukamata. Niletee mutu. Mutu mumoja, na siri yake."

Musoki alisikiliza ujumbe ule mara tatu. Mara ya kwanza alikasirika. Mara ya tatu alianza kufikiria ni nani.

Jumamosi hiyo alikwenda mtaa wa Ngezi kununua karanga za kusaga, kama alivyofanya kila juma. Aliyezisaga alikuwa mama wa miaka hamsini hivi, jina lake Bibiane, ambaye mtaani walimwita Mama Aaron. Alikuwa mkimbizi wa vita kutoka Fataki, akiishi katika vyumba viwili vya udongo nyuma ya nyumba ya watu. Mashine yake ya mkono ilikuwa imefungwa kwa boliti kwenye kigogo, naye aliizungusha akiwa amesimama, mguu mmoja mbele, bega la kulia likipanda na kushuka. Karanga zake zilikuwa laini, hazina mchanga, na hakuzichanganya na unga kama wengine. Musoki alimtazama akijaza kopo, na wazo likamjia palepale: mtu mwenyewe ndiye huyu.

"Mama Aaron, nataka kuandika juu yako."

Bibiane hakusimamisha mashine. "Kuandika wapi?"

"Mu mutandao. Batu basome vile ulianza."

"Utaandika nini?"

"Vile utasema."

"Vile nitasema tu?"

"Vile utasema."

Bibiane akafuta mikono kwenye kitambaa, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akasema. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikimbia Fataki na watoto wanne na sufuria moja, na ndani ya sufuria mlikuwa na maharagwe yaliyokuwa bado ya moto; waliyala siku ya pili njiani, yamekwisha kuchacha. Mume alikuwa amekufa kwa maradhi mwaka uliotangulia. Bunia hakujua mtu. Mama mmoja wa kanisani alimpa vikombe viwili vya karanga apikie watoto. Hakuzipika. Alizikaanga, akazipeleka kwa mwenye mashine, akauza alichopata, akanunua vikombe vinne. Ilimchukua mwaka mmoja na nusu kununua mashine yake mwenyewe, iliyotumika, yenye mpini uliochomelewa.

Kusikia hivyo, Musoki alihisi kile alichokuwa akikihisi zamani redioni, taa nyekundu ikiwaka. "Na sasa unasaga ndoo ngapi kwa juma?"

"Inategemea. Juma ya Noeli nilisagaka tatu. Juma ingine ni moja. Kuna juma hata moja haijae." Akafikiri kidogo. "Tena nashukuru ile musaada. Kila miezi mbili banatusoma majina mu liste, siye benye tulikimbia. Banatupa unga, mafuta, chumvi. Bila ile unga, karanga peke yake haiwezi kulisha batoto. Andika pia hiyo."

"Nitaandika."

Akamwomba picha. Bibiane akakataa, akasema yuko na nguo ya kazi. Musoki akapiga picha ya mashine tu.

Aliandika siku mbili. Aliandika vizuri; maharagwe yale yaliyochacha yalimtoa machozi yeye mwenyewe. Alipofika kwenye ndoo, aliandika "ndoo moja, wakati mwingine haijai", akasoma, na habari yote ikalegea mikononi mwake. Mama aliyetoka kwenye vikombe viwili, msomaji amfuate njia nzima hiyo, kisha akute ndoo moja isiyojaa? Akafuta. Akaandika: "Leo anasaga hadi ndoo tatu kwa juma." Neno lile "hadi" lilimtuliza. Si uongo, alijiambia, juma la namna hiyo lilikuwepo. Kisha akafika kwenye unga wa msaada, akaona unavunja mwendo wa habari, akauacha nje. Akatuma.

Jumatatu saa nne alikuwa kwenye kibanda cha kuchajia simu, kwa kuwa sola ya nyumbani ilikuwa haitoshi, alipofungua ukurasa kuona kama makala imewekwa. Ilikuwa imewekwa. Kichwa chake kilikuwa kwa herufi kubwa: ALIKIMBIA FATAKI BILA KITU, LEO NI TAJIRI WA BUNIA! SIRI YAKE YA KARANGA ITAKUSHANGAZA. Chini yake hapakuwa na mashine. Palikuwa na mama mnene, mgeni kabisa, amevaa kitenge cha bei, ameegemea gari jeupe mbele ya nyumba ya ghorofa. Na chini ya mama huyo, kwa herufi ndogo za kijivu, palikuwa na hesabu ya wasomaji: elfu nne na mia mbili.

Musoki akatafuta pa kukaa. Alisoma makala yote haraka haraka, akitafuta lingine lililobadilishwa. Ndani Aimé hakuwa amegusa neno. Kila sentensi ilikuwa yake.

Alimpigia. "Aimé, hii titre, hii kichwa ya habari, ni nini? Mama huyu si tajiri. Na ile foto ni ya nani?"

"Mama Gracia! Umeona? Nilikuambia!"

"Ninakuuliza titre."

"Titre ni kazi yangu, habari ni kazi yako. Mutu anafungua juu ya titre, anabakia juu ya habari. Acha itembee, mama. Kesho tutaongea."

Angeweza kushikilia. Baadaye alijiuliza mara nyingi kwa nini hakushikilia, na jibu alilijua, ndiyo maana aliliuliza tena na tena. Saa sita wasomaji walikuwa elfu kumi na tisa. Watu wa Lubumbashi waliandika chini ya makala, watu wa Bujumbura, mtu mmoja aliyesema yuko Norway na analia. "Mwandishi huyu anajua," mmoja aliandika. Miezi saba alikuwa akiandika gizani, na sasa mtu ambaye hakumjua alisema anajua. Jumanne hakumpigia Aimé. Jumatano wasomaji walipita elfu sabini, na Alhamisi pesa zikaingia kwenye simu. Akalipa karo ya Gracia ya muhula ule, akamwonyesha Kamate risiti. Kamate aliishika kwa mikono miwili, akaitazama pande zote.

"Kumbe," alisema. "Basi endelea."

Jumamosi alikwenda Ngezi na kopo lake tupu. Uani kwa Bibiane kulikuwa kimya. Mashine ilikuwa imefunikwa kwa gunia. Bibiane alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharagwe, na alipomwona Musoki hakusimama.

"Karibu," alisema, na neno lilikuwa kavu.

"Mama Aaron, leo husagi?"

"Nasaga juu ya nani? Bateja banakuja kuangalia tu. Moja aliniuliza gari nilificha wapi."

Musoki akaketi juu ya ndoo. Bibiane akaendelea kuchambua, akitupa mawe madogo pembeni, na akasimulia bila kunyanyua macho. Alhamisi walikwenda kwenye ua wa kanisa kusikiliza liste. Zacharie, prezida wa komite ya waliokimbia, alisoma majina yote, na la Bibiane halikuwemo. Alidhani limerukwa. Alinyoosha mkono. Zacharie akavua miwani, akatabasamu, akasema mbele ya watu wote: "Mama Aaron, tunakupongeza. Umetuinua siye wote. Sasa achia nafasi mwenye hana."

"Kisha bakanipigia makofi," Bibiane alisema. "Unasikia? Bananitoa mu liste, na banapiga makofi. Nilisimama pale, sikujua nilie ao niseme asante."

"Ee Mungu wangu."

"Na Aaron, mutoto wangu mukubwa, iko Mahagi. Alipiga simu. Anasema, mama, unanunua gari na miye natembea na miguu? Nikamuambia ni uongo. Akasema, hata jina ya Fataki iko, hata vikombe mbili iko, hata sufuria ya maharagwe yenye siye tulikula. Nani alijua hiyo kama si weye ulisema? Alikata simu. Mutoto wa tumbo langu hakuniamini."

"Mama Aaron, ile titre si miye niliandika. Ni mukubwa wa Goma. Na ile foto pia. Miye niliona siku ileile na batu wote."

Bibiane akaacha maharagwe. Ndipo alipomtazama. "Sawa. Titre ni yake. Ndoo tatu ni ya nani?"

Musoki alitaka kueleza lile neno "hadi", jinsi linavyofanya kazi katika sentensi, na akaona aibu kabla hajaanza.

"Na unga?" Bibiane aliendelea, sauti ileile, haikupanda. "Nilikuambia, andika pia unga. Bangesoma ile unga, bangejua. Uliniambia utaandika vile nitasema."

"Nilikosa."

"Ee. Ulikosa."

Hakumfukuza. Ingekuwa rahisi kama angemfukuza. Alirudia maharagwe yake, na Musoki akaondoka na kopo tupu, akapanda hadi barabara kubwa kwa miguu, akimpigia Aimé simu isiyopokelewa. Alipopokea ilikuwa jioni.

"Toa ile makala," Musoki alisema.

"Iko na shida gani?"

Akamweleza: liste, makofi, mtoto wa Mahagi. Aimé alisikiliza, na, haki isemwe, alisikika amesikitika. Alisema pole mara mbili. Kisha akasema, "Lakini kutoa, haiwezekani. Ile njo inabeba ukurasa mwezi huu. Niko na batu tano bananingoja niwalipe. Na hata nikitoa, kurasa zingine zimeisha kuikopi, sasa iko fasi yote, kila pahali. Andika ingine, ya kurekebisha. Nitaiweka leo leo, na titre yako weye, foto yako weye. Siguse kitu."

Musoki aliandika ile ya kurekebisha kwa saa tatu, na hakuna kitu alichowahi kuandika kwa uangalifu kama kile. Alisema Bibiane si tajiri. Alisema ndoo ni moja, na mara nyingine haijai. Alisema unga wa msaada ndio unaolisha nyumba. Alisema mwandishi alizidisha, na mwandishi ni yeye, na jina lake akaliweka. Kichwa akakiita "Marekebisho kuhusu mama wa karanga wa Ngezi". Aimé alitimiza neno lake, hakugusa kitu, akaweka na picha ya mashine yenye mpini uliochomelewa.

Siku ya kwanza walisoma watu ishirini na wawili. Siku ya tatu hamsini na wanane. Maoni yalikuwa matatu. La kwanza lilisema asante. La pili lilikuwa tangazo la mtu anayekopesha pesa. La tatu liliuliza: "Sasa siri yake ni nini?"

Musoki aliirusha simu kitandani, akaitazama ikidunda. Akaiokota, akaangalia tena. Hamsini na wanane. Aliituma kwenye makundi yote aliyokuwemo, la wanakwaya, la wazazi wa shule, la wenzake wa redioni. Watu wakarudisha dole gumba. Michel alimwandikia kando: "Mupenzi, unajiharibia jina bure. Kesho bamesahau." Lakini hawakusahau, ndilo lililomchoma. Dukani kwa Kamate, mteja mmoja aliyekuja kununua bawaba alisimulia habari ya tajiri wa karanga, na alipofika kwenye gari akaongeza la pili. Kamate akamtazama mkewe, naye akatazama sakafu.

Usiku ule Kamate alimwambia jambo moja tu. "Komite ya baba Zacharie inasoma mutandao?"

"Sijui."

"Basi enda uulize. Unaandikia batu ya Norway, na mutu mwenye alifuta jina iko hapa Ngezi."

Jumanne alimpitia Bibiane, wakaenda pamoja.  Komite ilikaa kwenye veranda ya chumba cha katekisimu, watu sita kwenye mabenchi mawili, Zacharie akiwa katikati yao na daftari lake magotini. Alikuwa mzee mkavu, aliyekuwa mwalimu huko Djugu, na aliliandika kila neno lililosemwa kabla ya kulijibu.

Musoki alitoa ile ya kurekebisha. Alikuwa ameichapisha kwenye karatasi mbili, kwa kuhofia simu itazimika. Zacharie aliisoma yote polepole, akaipitisha kwa wenzake, akaingoja irudi.

"Siye hatukusomaka ile ya kwanza," alisema. "Tuliambiwa. Mutu alisoma, akaambia mwingine, akatuambia. Tukaona foto."

"Ile foto si ya Mama Aaron, papa prezida. Munamujua Mama Aaron. Munasali naye."

"Foto hatukuangalia sana. Tulishika maneno yenye tuliambiwa." Akafungua daftari. "Ndoo tatu kwa juma. Mama mwenye anauza ndoo tatu anashinda mwalimu. Ni nani aliandika ndoo tatu?"

"Ni miye."

"Zilikuwa tatu?"

"Ilikuwa juma moja, ya Noeli. Juma zingine ni moja. Aliniambia vizuri. Miye niliacha."

"Uliacha juu ya nini?"

Benchi zote mbili zilimtazama. Bibiane alitazama uwanja. Musoki alikuwa amesema na maelfu ya watu kupitia kipaza sauti bila kutetemeka, na sasa mbele ya watu sita alitafuta pa kuanzia. "Nilitaka batu basome," alisema.

Zacharie akaandika. Kisha akaweka kalamu. "Mama, ya kwanza tuliamini weye. Ya pili unatuambia tukuamini tena. Kesho utaleta ya tatu?"

Hakuna aliyecheka. Musoki alishikwa na hasira, maana yeye angalau alikuja. Wale waliopiga makofi hawakuuliza swali hata moja. Alitaka kuwaambia hivyo. Aliwaambia.

"Papa, weye unajua nyumba yake. Ni hatua mia mbili toka hapa. Juu ya nini hamukuenda kuangalia, mbele ya kufuta? Miye nilikosa, nakubali, andika hivyo. Lakini mulisikia habari ya mutu munamujua, na mukaamini simu."

Mmoja wa wale sita, mama mzee aliyevaa sweta, akaguna. Zacharie akaliandika hilo pia, akafunga daftari. Kisha mzee akasimama, akavaa kofia yake. "Twende," alisema.

Wakaenda wote, msafara wa watu wanane katika njia nyembamba kati ya nyua. Kwa Bibiane waliona vyumba viwili, magodoro mawili, mashine moja, ndoo moja ambayo karanga zilifika nusu yake. Zacharie aliinama akasoma ndani ya ndoo ile kana kwamba kuna maandishi. Akauliza kama kuna nyingine. Bibiane akamwonyesha ile iliyopinduliwa, ya kukalia, yenye ufa chini.

"Liste ya mwezi huu imeshaenda ofisini kwa wenye musaada," Zacharie alisema alipotoka nje. "Hiyo siwezi kurudisha, hata nikitaka. Hii yenye inakuja nitaandika jina. Lakini ofisi wako na ile habari pia, bataniuliza. Sijui bataitika. Nitasema niliona na macho yangu."

"Asante, papa," Bibiane alisema.

Walipobaki wawili, Musoki akatoa kwenye mkoba noti zilizobaki baada ya karo. Bibiane akazitazama.

"Siombe hiyo."

"Ni ya habari yako."

"Habari yangu haina gari." Lakini nyumbani walibaki watoto watatu, na mwezi ulikuwa mrefu, na Bibiane hakuwa mtu wa kujionyesha. "Enda ununue unga," alisema hatimaye. "Gunia moja, kama ile banatupaka. Mafuta pia. Makuta, pesa ya mukono, sitaki. Na kwa Aaron, utapiga simu weye. Utamuambia weye mwenyewe."

Musoki alinunua unga, akaubeba kwa pikipiki ya motari hadi mlangoni. Alimpigia Aaron mara nne kabla hajapokelewa. Kijana alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, kwa adabu kabisa, kama mama yake ndiye aliyemlipa aseme hivyo.

Juma lililofuata Aimé alituma ujumbe wa sauti. Watu wanamwulizia tajiri wa karanga, alisema. Waandike ya pili, jinsi anavyojenga shule kwao, hata kama bado hajajenga, si ana nia? Safari hii dola moja na nusu kwa wasomaji elfu. Musoki alimwandikia kwamba ameacha. Alikuwa ametayarisha maneno mengi, aya nzima juu ya ukweli, na akaifuta yote. Aimé akarudisha dole gumba, na baada ya dakika moja: "Mulango iko wazi, mama."

Alianza kuandika faktire dukani. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, wateja walisema. Kamate hakusema lolote, na kwa hilo Musoki alimshukuru, ingawa kulikuwa na siku alipotamani aseme ili wapate kugombana.

Jina la Bibiane halikurudi kwenye liste iliyofuata. Ofisi ilitaka karatasi, na karatasi ilitaka muhuri. Lilirudi baada ya miezi minne, mwishoni kabisa mwa liste, kwa kalamu. Aaron alikuja kutoka Mahagi kwa ajili ya Pasaka, akaona ndoo, akazungusha mashine siku mbili. Bibiane aliendelea kumuuzia Musoki karanga, kopo lililojaa vizuri, bei ileile. Hakumsimulia tena neno juu ya maisha yake.

Ulikuwa umepita karibu mwaka mmoja. Musoki alikuwa sokoni akinunua maharagwe, na muuzaji, msichana mchangamfu aliyekuwa na simu imesimamishwa kwenye kopo la kupimia, alimwona akisita kuhusu bei.

"Mama, usiogope, biashara ndogo njo inatajirisha," alisema. "Haujasoma ile ya mama wa Fataki? Alianza na vikombe mbili. Sasa iko na magari tatu."

"Haiko na gari hata moja," Musoki alisema.

"Iko! Miye nilisoma."

"Miye njo niliandika. Nilikosa. Anasaga ndoo moja kwa juma, mara ingine haijae. Anakaa Ngezi. Ukitaka nitakupeleka leo, umuone."

Msichana akamtazama kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu vyenye vumbi la saruji ya dukani. Akatabasamu kwa huruma.

"Mama," alisema, "kama uliandika ile, ungekuwa hapa unabishana na miye juu ya maharagwe? Usikuwe na wivu."

Musoki akaweka kikapu chini. Akaanza kueleza tangu mwanzo, polepole, kwa sauti yake ya saa kumi na mbili asubuhi: vikombe viwili, mashine, ndoo, unga ambao hakuuandika. Msichana alimsikiliza hadi kwenye mashine. Kisha mteja mwingine akaja, akaomba nusu kilo, na msichana akamgeukia.

"Samahani, mama," alimwambia Musoki, "sogea kidogo, apite."

Akasogea, akaendelea kueleza.